Hamsini kwa Hamsini: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ufeministi, Ndoa na Kazi

Kwa miaka kadhaa sasa ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata moja ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ofisi kwa miaka 26, mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Kila nikisema kwamba harakati za wanawake zilikosea mahali, huulizwa maswali yaleyale: kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi, hata msibani. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Habari za barazani nimezigeuza kidogo ili wenyewe wasitambulike.

Ukisema "ufeministi" unamaanisha nini?

Simaanishi kila mwanamke anayejitegemea au anayesema kwa sauti. Bibi Titi Mohamed aliwatoa wanawake wa Dar es Salaam kwenye vikundi vya ngoma akawaingiza TANU, chama kilichopigania uhuru, mwaka 1955, na hakuhitaji jina la kigeni kufanya hivyo. Ninachozungumzia ni harakati zilizopangwa zilizokuja baadaye. TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, ilianzishwa mwaka 1987, TGNP, mtandao wa jinsia, mwaka 1993, kisha ukaja mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing Septemba 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella. Tangu hapo neno "Beijing" likahamia mitaani. Mwanamke akimjibu mumewe tu, watu wanasema ameshakwenda Beijing huyo.

Fikra yenyewe inasema kwamba mwanamke amekandamizwa na mila, sheria na uchumi, na atainuka akipata elimu, kipato na sauti sawa na mwanamume. Sehemu kubwa ya hayo naikubali. Ugomvi wangu uko kwenye yale ambayo hayakusemwa.

Kwa hiyo unapinga haki za wanawake?

Hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri atimize 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga ruhusa hiyo akaishinda Serikali Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono mwaka 2019, nilimshukuru Mungu. Nina wajukuu wa kike.

Hata kabla yake alikuwapo Bi Hawa Mohamed. Aliachika, mume akadai nyumba ni yake peke yake kwa kuwa pesa ya kuijenga ilikuwa yake. Katika shauri hilo la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kazi za nyumbani nazo ni jasho linalohesabika katika kuchuma mali ya ndoa. Wengi hawaujui mwisho wa kesi ile: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mume alishampa fedha za mtaji na mahakama ikaona amezitapanya. Lakini kanuni ikabaki, na wanawake wengi waliokuja nyuma yake wamepata mahali pa kulaza watoto kwa sababu ya jina lake. Siwezi kuibeza kazi ya namna hiyo.

Sasa kosa liko wapi?

Harakati ziligawa haki bila kugawa kazi. Mwanamke alifunguliwa mlango atoke kwenda kutafuta, ila hakuna aliyeambiwa aingie jikoni badala yake.

Mimi niliamka saa kumi na moja alfajiri. Chai, maji ya kuoga ya watoto, sare, kisha daladala mbili mpaka ofisini. Jioni nilishuka kituoni na mfuko wa nyanya mkononi, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshawasha jiko. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema sana. Alikaa kibarazani na redio yake akisubiri chakula, na hakuna hata siku moja aliyojiona anakosea. Wala mimi sikumwona mkosaji. Ndivyo tulivyolelewa wote wawili.

Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliiita hali hiyo zamu ya pili alipoichambua mwaka 1989. Huko kwao walishagundua kwamba mwanamke wa ofisini anaingia kazini mara mbili kwa siku. Sisi tulipokea wito wa kwenda kazini, lakini onyo halikutufikia.

Nilihudhuria semina za uwezeshaji mwenyewe, nyingi tu. Tulifundishwa kuweka akiba, kuandika mchanganuo wa biashara, kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Sikumbuki semina hata moja ambayo waume zetu walialikwa. Nyumba ina watu wawili, akafundwa mmoja, kisha tunashangaa kwa nini hawaelewani.

Mke mwenye mshahara anapaswa kuchangia matumizi ya nyumba?

Swali hili ndilo linaloleta watu wengi barazani.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinampa mume wajibu wa kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo anabeba mzigo huo pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili. Kwa Waislamu, na sisi watu wa pwani ndio wengi, jambo hili ni la kale zaidi: matunzo ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake. Akitoa, ametoa kwa hisani. Bibi yangu alikuwa na minazi yake na dhahabu zake, na babu hakuwahi kuuliza hesabu yake.

Ndipo ikaja kauli ya haki sawa. Wanaume wakaisikia, wakachukua kile kipande kinachopunguza uzito wa mifuko yao. "Si mlitaka hamsini kwa hamsini?" Sentensi hiyo nimeisikia barazani mara nyingi kuliko salamu.

Walikuja mume na mke, yeye dereva, mkewe muuguzi. Walileta daftari la kaunta buku, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Kila ukurasa umepigwa mstari katikati kwa wino mwekundu. Upande mmoja "Baba", upande wa pili "Mama". Kodi ya nyumba nusu kwa nusu. Luku ya umeme 10,000, Baba. Mkate 1,500, Mama. Gesi, Baba. Nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, Mama. Kwenye ukurasa mmoja sabuni ya kufulia ilikuwa imekatwa upande wa Baba na kuandikwa upya upande wa Mama. Nikafungua mwezi baada ya mwezi, na mshahara wa dada wa kazi ulikuwa upande wa Mama kote.

Nikamuuliza mume, "Baba, kwa nini dada analipwa na mama peke yake?" Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemwelewesha mgeni njia: "Mama yangu, zile kazi za dada si ndizo zilikuwa kazi zake?"

Mwenzangu kwenye baraza alishusha kalamu. Mke akatazama pembeni, wala hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Muuguzi huyu anakesha wodini, analipa nusu ya kodi, na ndani ya moyo wake anaamini kwamba kutofagia nyumba ni deni analopaswa kulilipa kwa mshahara wake.

Basi jibu langu ni hili. Achangie kama wamekubaliana na moyo wake unaridhia. Ila akichangia pesa, mume naye achangie mikono. Kama mikono haichangiwi, hakuna hamsini kwa hamsini hapo.

Tukiachana, si tunagawana nusu kwa nusu?

Si lazima. Huku kwetu mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, kazi za nyumbani zikiwamo. Kenya walidhani Katiba ya mwaka 2010 imemaliza mjadala kwa kusema wanandoa wana haki sawa, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu yao ilieleza kwamba usawa huo haumaanishi nusu moja kwa moja. Kila mtu aonyeshe mchango wake. Tunza risiti, na mwenye nyumba yake aliyoijenga kabla ya ndoa atunze hati.

Ni kweli ufeministi unavunja ndoa?

Wanaume wengi wanaonipigia simu wanataka niseme ndiyo. Siwezi, kwa sababu sioni hivyo mezani kwangu. Ninaloliona ni mume asiyeacha pesa ya matumizi, pombe, nyumba ndogo, kipigo, na siku hizi mikopo ya kausha damu iliyochukuliwa kwa siri na mke au na mume. Mwanamke anayekuja barazani kwa sababu ameshiriki semina sijampata bado.

Ninachowalaumu wanaharakati ni lugha. Ndoa imeelezwa kama ligi, na binti anaingia ndani akiwa ameshajiandaa kwa mechi. Kila ombi la mume anaona amri, kila kosa dogo anaona dharau. Nimesuluhisha vijana wa miezi minane ya ndoa waliogombana kwa sababu mume alisema "naomba maji", mke akasema yeye si mtumishi. Wote walikuwa wamechoka, wote walitoka kazini. Hakuna aliyewafundisha kusema "leo nimechoka, nisaidie".

Na tena, mwanamke anayepigwa aambiwe aondoke, leo hii, na asirudi mpaka usalama wake uwe na dhamana. Kwenye hilo sina mjadala. Lakini ushauri huohuo wa "ondoka, unajiweza" unatolewa kwa anayenuniwa, kwa ambaye mume amepunguzwa kazini, kwa ambaye wifi ana mdomo. Anayetoa ushauri haonekani mwezi wa sita, kodi inapodaiwa.

Na dada wa kazi, anaingia wapi katika habari hizi?

Anaingia katikati kabisa, na ndiye ambaye harakati zimemsahau kuliko wote.

Ofisi zetu zimejaa wanawake, na nafurahi. Kila mmoja wao, nyuma yake yuko msichana kutoka Iringa, Singida au Dodoma anayelea mtoto wake. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Wengi hawaifikii hata hiyo. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, simu yake inakaguliwa, na akipata mimba anarudishwa kwao na begi la nguo.

Nami nilikuwa naye. Alikuja ana miaka 14, akakaa kwangu miaka sita, akalea watoto wangu wawili wa mwisho. Mtoto wangu wa nne neno lake la kwanza lilikuwa jina la yule binti, si "mama". Nilikuwa natoka asubuhi kwenda kwenye kikao cha wanawake kuzungumzia elimu ya mtoto wa kike, namwacha mtoto wa kike wa mtu mwingine anafua nepi. Sikumuuliza hata mara moja kama angependa kurudi shule. Siku hizi ana watoto wake, hunipigia simu sikukuu, ananiita mama. Kila akinipigia, nakumbuka swali nililoacha kumuuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanamke wa mjini amekombolewa, namuuliza nani amebaki ndani na mtoto.

Je, mtoto wa kiume amesahauliwa?

Ndiyo, na wenzetu wa Kenya wamelipigia kelele jambo hili muda mrefu kuliko sisi.

Tazama mabinti. Akivunja ungo ana somo wake au shangazi. Shuleni kuna klabu ya wasichana. Akitaka kuolewa, kuna kicheni pati: kina mama arobaini na sare zao, sufuria, zawadi na mafundisho mpaka usiku. Tunaweza kubishana kuhusu mafundisho yenyewe, maana mengine yanamtwisha kila kitu, lakini angalau yuko mtu aliyemketisha chini.

Kijana wa kiume ana nani? Zamani kulikuwa na jando. Kwa Wazaramo, Wayao, Wamakonde na wengine, wavulana walikaa kumbini wiki nyingi, wakaimbishwa, wakategwa vitendawili, wakaambiwa mume ni nini na mke hutunzwaje. Leo mtoto anatahiriwa hospitali asubuhi, mchana yuko nyumbani anakula chipsi. Kisu kimebaki, somo limepotea. Halafu siku ya harusi anapewa binti aliyefundwa na shangazi, kungwi, mwalimu na mwanaharakati, naye kafundwa na simu yake.

Tazama na mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango mzuri. Lakini baba mwenye watoto watano na kibanda cha kushona viatu, umri wa ujana umempita na ulemavu hana, fungu lake halimo. Anamwona mkewe anaitwa kwenye kikundi, anapata mtaji, anapata kauli. Nimewaona wanaume wa namna hii wakigeuka wakali, wengine wakigeuka mizigo tu, wanashinda kijiweni. Mtaani anaitwa mwanaume suruali. Kumuinua mke huku mume akiachwa ajizolee aibu ni kumwekea huyohuyo mke hatari ndani ya nyumba.

Mama wa nyumbani hana thamani tena?

Siku hizi anaitwa golikipa. Neno hilo linaniudhi. Limetoka kwa wanaume, lakini sisi wanawake wa ofisini ndio tulioliendeleza, kwa kumtazama jirani asiye na kazi ya mshahara kama mtu aliyeshindwa maisha. Bi Hawa Mohamed alikwenda mpaka Mahakama ya Rufani ili kazi ile ihesabike. Sisi tukaidharau tukiwa saluni. Mwanamke aliyeamua kukaa na watoto wake hadi waanze shule, na mumewe akaafiki, amechagua. Kuchagua ndiko kulikopiganiwa.

Wanawake wasomi wanakosa waume kwa sababu ya usomi?

Wapo wanaume wanaoogopa cheti. Bora waogope mapema.

Sheria za kazi zimesaidia familia?

Zimemsaidia mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Baba ilimpa siku 3. Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto kinakuwa hakijadondoka. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, walimpa baba wiki mbili.

Sheria ya siku tatu inamwambia baba kwamba yeye ni mgeni wa kuja kutazama mtoto, aache zawadi aondoke. Na inamwambia mwajiri kwamba gharama ya uzazi inakuja na mwanamke peke yake, basi ajiulize mara mbili kabla hajamwajiri. Ningependa kuwaona wanaharakati wetu wakiandamana kudai siku za baba kwa nguvu ileile waliyodai viti maalumu bungeni.

Si ndiyo maana wanasema ufeministi ni wa Kizungu?

Hoja hii naitumia kwa tahadhari, maana hutumiwa sana na watu wanaotaka kuendelea kupiga wake zao kwa jina la mila. Mila zenyewe hazifanani. Kwenye milima ya Uluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamume wa Kiluguru wa zamani angeshangaa kusikia mwanamke wa Kiafrika hana kitu. Msomi wa Kiyoruba, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, alijenga hoja mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa Oyo kabla ya ukoloni, umri ndio uliopanga watu kuliko jinsia.

Kilicho cha kigeni ni kumchukulia mwanamke kama mtu mmoja aliyesimama peke yake na haki zake mkononi. Huku mtu ni wa ukoo. Ana kaka wa kumtetea, mjomba wa kusimamia mahari, shangazi wa kumkaripia na kumkaripia mumewe pia. Harakati zilipokuja na mwanasheria zikampita shangazi. Sisemi shangazi alitosha. Mara nyingi alimwambia binti avumilie hata pasipovumilika. Lakini mwanasheria yuko mjini na ana ada, na shangazi yuko nyumba ya tatu.

Mtandaoni vijana wanashauriana "usioe feministi". Unawaunga mkono?

Siwaungi mkono. Wengi wao wanataka mke anayelipa kodi kama wa leo na kunyamaza kama wa zamani. Kijana akiwa tayari kutunza nyumba yake kama Sheria ya Ndoa na dini yake vinavyomtaka, aje tuzungumze. Akiwa hayuko tayari, mwanamke akimuuliza mchango wake uko wapi, hilo ni swali la mtu mwenye akili na halihitaji kuitwa ufeministi.

Ungetaka nini kibadilike?

Wanaume waitwe semina, na waitwe mapema, wakiwa wavulana. Jando lipewe tena walimu, hata kama kisu kitabaki hospitali. Baba apewe siku za kutosha kumjua mtoto wake. Dada wa kazi awe na mkataba, siku ya kupumzika na mlango wa kurudi shule, na mikutano ya wanawake ifanyike siku ambayo naye anaweza kuja.

Wale wa daftari walirudi mara moja, kama miezi miwili baadaye. Hawakuja kwa kesi. Mke alikuwa na shughuli kwa mtendaji, wakapitia kunisalimia. Nikaomba kuliona. Mstari mwekundu bado upo, Baba huku, Mama huku. Mshahara wa dada umeandikwa katikati, herufi zimelala juu ya mstari, nusu huku nusu huku. Chini yake, kwa mwandiko wa mume, upande wa Baba, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa shilingi, paliandikwa: "Jumapili, kupika."

Nikamuuliza mke kama mumewe anapika kweli. Akasema ugali unakuwa mbichi, lakini watoto wanaula.